Hakuona au Hakutafuta? Fidia ya Mimba Iliyotunga Nje ya Kizazi

Mwanamke aliyepoteza mrija wa uzazi, au familia iliyompoteza mwanamke mwenyewe, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi ilidhaniwa kuwa ugonjwa mwingine, karibu kila mara huanza dai lake kwa maneno yale yale: daktari hakuona. Nimeyasikia kwa miaka mingi hapa Kanombe, upande huu wa Kigali ulio kando ya uwanja wa ndege, kutoka kwa watu walioniletea makaratasi yao niwasaidie kuyasoma na kuyapanga. Nayaheshimu maneno hayo, maana yanatoka kwenye uchungu wa kweli. Lakini niliyojifunza kwenye makaratasi yale yamenifikisha kwenye msimamo mmoja, na ndio ninaotaka kuutetea: anayedai kwamba daktari hakuona atashindwa, na mara nyingi atakuwa amestahili kushindwa, lakini anayeonyesha kwamba daktari hakutafuta ana dai lenye miguu. Sheria haimlazimishi mtabibu kuona kila kitu. Inamlazimisha kuchukua hatua ndogo, za bei nafuu, zinazojulikana na kila mtu wa fani yake, ambazo zingeweza kulileta jambo wazi kabla ya damu kumwagika.

Ugonjwa wenyewe unahitaji kuelezwa, kwa sababu bila kuuelewa hakuna awezaye kusema nani alikosa. Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mji wa mimba, na zaidi ya tisa katika kila kumi za aina hiyo hujishikiza kwenye mrija wa uzazi. Mrija ni mwembamba na haukuumbwa kubeba mtoto. Mimba inapokua, mara nyingi katika wiki za mwanzo kabla mwanamke hajaanza hata kliniki ya wajawazito, mrija unaweza kupasuka na damu ikamwagikia tumboni. Damu hiyo haionekani. Kinachotoka ukeni kinaweza kuwa matone tu, huku lita nzima au zaidi imekwisha kujikusanya ndani. Ndipo mgonjwa anapopata kizunguzungu na kuzirai; wengine huumwa ncha ya bega, kwa kuwa damu imepanda na kuuchokoza msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mtu anayeshika bega huwa hafikiriwi kuwa na tatizo la uzazi. Kabla ya kufika huko, dalili ni za kila siku: maumivu chini ya tumbo, hedhi iliyochelewa, damu kidogo, kichefuchefu, pengine hata kuharisha. Ndiyo maana fishi, yaani karatasi za matibabu, za wagonjwa hawa hujaa majina ya magonjwa mengine: maambukizi ya njia ya mkojo, amiba, vidonda vya tumbo, kidole tumbo, mimba iliyoharibika. Sikatai kwamba ugonjwa huu hudanganya. Ninachokataa ni kwamba udanganyifu wake ni siri. Robert Lawson Tait, mpasuaji wa Birmingham, aliokoa uhai wa mgonjwa kwa kuuondoa mrija uliopasuka mwaka 1883, na tangu hapo kila kitabu cha uzazi kimewafundisha wanafunzi kwamba hali hii hujificha nyuma ya nyingine. Ugonjwa unaojulikana kuwa ni mdanganyifu ndio unaodai kutafutwa kwa bidii zaidi.

Kutafuta, katika jambo hili, kuna maana ya wazi. Hatua ya kwanza ni kupima ujauzito kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayekuja na maumivu ya tumbo, kutokwa damu kusikoeleweka, au kuzirai. Kipimo hicho hutumia mkojo, huchukua dakika chache, na mkojo huo huo mara nyingi umekwisha kuchukuliwa kwa ajili ya kipimo kingine. Hatua ya pili, kipimo kikionyesha ujauzito, ni utrasaundi ya kuangalia mimba iko wapi. Ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote: kipimo kikisema mimba ipo na mashine ikaonyesha mji wa mimba mtupu, kazi haijaisha. Hapo mgonjwa hupimwa kiwango cha homoni ya ujauzito katika damu, kisha hupimwa tena baada ya saa 48, na mwendo wa tarakimu hizo mbili huongoza uamuzi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa Desemba 2012 na kuandikwa upya mwaka 2019, unasema kiwango kikipanda kwa zaidi ya asilimia 63 katika saa hizo, yaelekea mimba iko mahali pake ingawa haijathibitishwa. Kikishuka kwa zaidi ya nusu, yaelekea haiendelei. Kikiwa katikati, mgonjwa arudi kuangaliwa ndani ya saa 24. Hatua ya nne haihitaji mashine yoyote: mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani aambiwe kwa lugha yake dalili zipi zikitokea asingoje asubuhi, na maneno hayo yaandikwe kwenye fishi yake.

Nimetaja Uingereza kwa sababu maalumu, wala sitaki Kigali ipimwe kwa kipimo cha London. Uingereza imekuwa ikichunguza vifo vya wazazi wake kimoja kimoja kwa miongo mingi, kwa siri ya majina lakini kwa uwazi wa sababu. Ripoti zake tangu ile ya miaka 1997 hadi 1999 zimerudia onyo moja: wanawake walikufa kwa mimba ya nje ya kizazi wakiwa wameandikiwa kuwa wana ugonjwa wa tumbo na matumbo, kwa vile walikuja wakitapika na kuharisha na hakuna aliyewapima ujauzito. Hizo ni hospitali zenye mashine, wataalamu na umeme usiokatika. Kilichokosekana hakikuwa utajiri. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba makosa haya hutokana na umaskini wetu, namjibu kwamba umaskini unaeleza sehemu tu. Sehemu kubwa inaelezwa na swali lisiloulizwa, na swali halinunuliwi kwa fedha za wafadhili.

Kuna upande wa pili wa kosa hili ambao hauzungumzwi sana, na unaupima vizuri msimamo wangu. Mimba changa kabisa, iliyo mahali pake, inaweza isionekane kwenye utrasaundi. Mtabibu mwenye haraka akiona mji wa mimba mtupu anaweza kutangaza kwamba mimba iko nje na kutoa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia chembe kugawanyika, halafu siku chache baadaye ikagundulika kwamba mimba ilikuwa ndani, hai, na ilitakiwa sana. Mwaka 2013 jarida la madaktari la New England lilichapisha makubaliano ya wataalamu yaliyoonya waziwazi dhidi ya kutoa hukumu kwa tarakimu moja ya homoni, mradi mgonjwa hali yake ni tulivu. Mama aliyetendewa hivyo ana dai sawa na aliyepasuka mrija, ingawa daktari wake alikosea kwa kuelekea upande wa kinyume. Ukisema kosa ni kutoona, matukio haya mawili hayafanani kabisa: mmoja hakuona kilichokuwapo, mwingine aliona kisichokuwapo. Ukisema kosa ni kutotafuta, yanakuwa jambo moja. Wote wawili waliacha kupima mara ya pili.

Hapa Kanombe hoja ya kwanza ninayopingwa nayo inahusu kituo cha afya. Husemwa kwamba kituo kina wauguzi na wakunga, hakina daktari wa uzazi, mara nyingi hakina utrasaundi, basi kinalaumiwaje? Jibu langu ni kwamba kituo hakilaumiwi kwa kukosa mashine. Wajibu wake ni kujua mpaka wake na kuandika transferi, yaani barua ya rufaa, kwa wakati. Muundo wa afya wa Rwanda umejengwa hivyo: mshauri wa afya wa kijiji humpeleka mgonjwa kituoni, kituo humpeleka hospitali ya wilaya, hospitali ya wilaya humpeleka ya rufaa, na namba 912 huita ambulansi. Na Kanombe si pembezoni mwa nchi. Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda iko hapa, wagonjwa wa wilaya za mbali huiita tu kwa jina la mtaa wetu, na ambulansi zao huonekana barabarani zikielekea huko. Mwanamke wa mitaa hii hatenganishwi na chumba cha upasuaji na milima wala mito. Anapocheleweshwa, swali la kuuliza ni saa ngapi alifika kwa mara ya kwanza, nani alimwona, alipimwa nini, na transferi iliandikwa saa ngapi. Muuguzi aliyepima ujauzito, akaona maumivu upande mmoja, akaandika transferi mara moja, ametimiza wajibu wake hata kama mrija ulipasuka njiani. Huyo ningemtetea mbele ya mahakama yoyote.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba mgonjwa mwenyewe alikana. Msichana asiyeolewa, mwanafunzi, mke ambaye mumewe yuko kazini mbali, mwanamke aliyewekewa kitanzi cha uzazi wa mpango na kuamini hawezi kushika mimba: wote hawa huulizwa kama wana ujauzito na hujibu hapana. Baadhi yao wanajua wanachoficha, wengine hawajui. Wanasheria wa hospitali hupenda jibu hilo na huliweka mbele kabisa. Mimi naona halina uzito wanaoupa. Mtabibu anajua kwamba aibu na woga humfanya mtu afiche, tena anajua kwamba kutokwa damu kidogo huweza kudhaniwa hedhi na mwanamke mkweli kabisa. Kwa hiyo kukana kwa mgonjwa ni sababu ya kumpima, akielezwa na kuridhia. Akikataa baada ya kuelezwa, kukataa kwake kuandikwe. Kama fishi haina kipimo wala maandishi ya kukataa, mgonjwa hawezi kubebeshwa lawama kwa neno alilolisema akiwa anajikunja kwa maumivu, pengine mbele ya mama mkwe wake.

Sheria nayo inasemaje? Rwanda ilirithi kwa Wabelgiji kanuni ya kale ya kifungu cha 258 cha sheria ya madai ya mwaka 1888: anayemsababishia mwingine hasara kwa kosa lake analazimika kuifidia. Sheria za kikoloni zilifutwa kwa pamoja mwaka 2019, lakini wazo lenyewe, kwamba mdai athibitishe kosa, hasara, na uhusiano kati ya hivyo viwili, halikuzikwa pamoja na karatasi ambayo juu yake liliandikwa. Juu ya kosa la tabibu hasa, chimbuko la fikra ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Ufaransa ya tarehe 20 Mei 1936, iliyosema kwamba daktari haahidi kuponya. Anaahidi matunzo ya dhamiri, ya uangalifu, na yanayolingana na elimu iliyothibitishwa ya wakati wake. Kwa Waingereza kesi ya Bolam ya 1957 ilipima mwenendo wa daktari kwa desturi ya wenzake wa fani, na ile ya Bolitho ya 1997 ikaongeza kwamba desturi hiyo nayo lazima isimame kwa mantiki. Njia hizi mbili zinatoka mbali na zinakutana mahali pamoja: zote humuuliza daktari alifanya nini ili ajue, kabla hazijamuuliza kwa nini hakujua. Rwanda iliongeza jambo la manufaa mwaka 2013 ilipochapisha Sheria Na. 49/2012 iliyoanzisha bima ya dhamana ya kitaaluma katika tiba, ili anayeumizwa asitegemee mfuko wa muuguzi mmoja. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya pana ya huduma za afya, na yeyote anayeandaa dai sasa lazima aisome hiyo kwanza na wakili wake.

Sehemu ngumu kuliko zote ni uhusiano kati ya kosa na hasara, na hapa nataka kuwaambia wadai jambo wasilopenda. Si kila mrija uliopotea ulipotezwa na daktari. Mimba iliyotunga kwenye mrija mara nyingi huishia kwa mrija kuondolewa hata ikigunduliwa mapema, kwa kuwa upasuaji wa kuuondoa ndio matibabu ya kawaida pale mrija wa pili ni mzima. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014 ulilinganisha wanawake waliohifadhiwa mrija na walioondolewa, wote wakiwa na mrija mwingine wenye afya: katika miaka mitatu, asilimia 60.7 ya wale wa kwanza walipata mimba ya kawaida iliyoendelea, na asilimia 56.2 ya wale wa pili. Tofauti ni ndogo. Kwa hiyo wakili anayesimama na kusema mteja wake amenyimwa uzazi kwa kupoteza mrija mmoja atajibiwa kwa tarakimu hizo, na atanyamaza. Dai la kweli liko kwingine. Liko kwenye kupasuka kwenyewe: damu iliyopotea, damu ya kuongezewa, tumbo lililofunguliwa kwa dharura badala ya matundu madogo au sindano, siku za kulazwa, wiki za kutofanya kazi, madeni, hofu ya kifo ambayo haiishi na kovu kupona. Liko zaidi kwa mwanamke ambaye huo ndio uliokuwa mrija wake wa mwisho, au aliyekuwa na nafasi ya kutibiwa kwa dawa na akanyimwa kwa kucheleweshwa. Na liko, kwa ukubwa usiopimika, kwa watoto wa aliyekufa.

Juu ya nafasi iliyopotea, nchi hazikubaliani. Mahakama za Ufaransa tangu miaka ya 1960 hufidia nafasi ya kupona iliyopotezwa na kosa, kwa kiasi kinacholingana na ukubwa wa nafasi hiyo. Majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza walikataa njia hiyo mwaka 2005 katika kesi ya Gregg dhidi ya Scott, mgonjwa wa saratani ambaye kuchelewa kugunduliwa kulishusha matumaini yake ya kupona kutoka asilimia 42 hadi 25. Kwa kuwa tangu mwanzo hakuwa amezidi nusu, hakupata kitu. Mimi nasimama na Wafaransa katika hili bila kusita. Mwanamke aliyekuja saa nane mchana na mrija mzima, akarudishwa nyumbani na vidonge, akarejeshwa usiku akiwa amezirai, amenyang'anywa kitu halisi katika saa zile, na thamani yake haifutiki kwa sababu hesabu imegota kwenye asilimia 49. Kwa bahati njema, katika mimba ya nje ya kizazi hesabu huwa upande wa mdai mara nyingi, kwa maana ugonjwa ukigunduliwa kabla ya kupasuka, matokeo mazuri ndiyo ya kawaida.

Nageukia jambo linalonisumbua zaidi katika nchi yetu, nalo ni njia ya jinai. Familia iliyofiwa ikiwa na hasira hukimbilia Ofisi ya Upelelezi, RIB, na sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 inawaruhusu: kifungu cha 111 kinahusu kuua bila kukusudia, cha 118 kujeruhi bila kukusudia. Siwalaumu. Uzembe wa kupindukia upo, na unastahili mwendesha mashtaka. Ila katika makosa ya kawaida ya utambuzi, njia hiyo huwadhuru wadai wenyewe. Kesi ya jinai hudai ushahidi usioacha shaka, na katika mapokeo ya sheria tuliyoyarithi dai la fidia huisubiri. Mshtakiwa akiachiwa huru, familia hutoka mikono mitupu na imani kwamba hakuna kosa lililotendeka. Halafu kuna wale walioshuhudia. Muuguzi anayeona mwenzake akichukuliwa hatasema kwamba transferi iliandikwa saa tano baadaye. Atafunga mdomo, na fishi itakuwa fupi zaidi kuanzia siku hiyo. Hapo ndipo hofu ya madaktari, kwamba madai yatawafanya watibu kwa kujilinda, ina ukweli ndani yake. Lakini ni ukweli unaohusu pingu. Fidia inayolipwa na bima, kwa kosa lililoelezwa kwa maandishi, haimfungi mtu wala haimtoi kazini. Na kama kujilinda kwa mtabibu kutamaanisha kumpima ujauzito kila mwanamke mwenye maumivu ya tumbo, basi acha ajilinde. Hicho ndicho tunachoomba.

Wapo wanaouliza pesa zitatoka wapi. Nchi hii imetoka mbali: vifo vya uzazi vilikuwa 1,071 katika kila vizazi hai 100,000 kwa takwimu za mwaka 2000, vikashuka hadi 203 katika utafiti wa 2019/20, na sehemu ya kazi hiyo imefanywa kwa michango ya mitueli, bima ya afya ya jamii, ya watu wa kipato cha chini. Je, kuidai hospitali si kumdai jirani maskini? Naichukua hoja hii kwa uzito, maana ni ya watu wema. Lakini gharama ya kosa haipotei fidia isipolipwa. Inabaki nyumbani kwa mwanamke, ambaye mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliokuwa chumbani. Majirani zetu wamekwisha kulijibu swali hili mahakamani. Huko Uganda CEHURD, shirika la kutetea haki za afya, na familia za wanawake wawili waliofia hospitalini, mmoja Mityana na mwingine Arua, walifungua shauri la kikatiba mwaka 2011. Lilitupwa mwaka 2012 kwa hoja kwamba bajeti ya afya ni ya wanasiasa, likafufuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2015, na tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali ilivunja haki za wanawake hao na ikaamuru familia zilipwe. Nchini Kenya, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni na kutukanwa na wauguzi. Hakuna hospitali iliyofungwa kwa sababu ya hukumu hizo. Na ubora unaotokana na kuwajibika ni sehemu ya ile ile kazi iliyoshusha 1,071 hadi 203.

Yote niliyosema yanategemea karatasi. Kutotafuta ni jambo la kuthibitishwa kwa kile ambacho hakimo kwenye jalada: kipimo kisichoandikwa, saa isiyotajwa, shinikizo la damu ambalo halikupimwa mara ya pili. Ndiyo maana naamini haki ya kupata jalada ndiyo mlango wa haki ya fidia, na ndiyo ambayo wagonjwa wa hapa huidai kwa kuchelewa mno, baada ya miezi ya vikao vya familia, wakati majina ya waliokuwa zamu yamesahaulika. Tangu Oktoba 2021 Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya kulinda data binafsi. Inampa kila mtu haki ya kuomba data zinazomhusu kwa anayezitunza, na taarifa za afya yake ni data zake. Watu wengi hudhani sheria hiyo ni ya mabenki na kampuni za simu. Ombi liandikwe, lipokelewe kwa mhuri, na nakala ibaki nyumbani: fishi zote za kituo, transferi yenye saa, picha na maelezo ya utrasaundi, majibu ya maabara, ripoti ya upasuaji, na jibu la uchunguzi wa mrija uliotolewa kama ulipelekwa maabara. Asiye na wakili aende kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya, MAJ, iliyopo katika kila moja ya wilaya 30. Malalamiko ya kitaaluma yapelekwe panapohusika: daktari ana baraza lake, wauguzi na wakunga wana lao, na barua iliyopelekwa kwa baraza lisilohusika hupoteza muda ambao sheria haiurudishi. Kwa ndugu zetu walioko ng'ambo ya mpaka muda huo ni mfupi kuliko wanavyodhani: Kenya na Tanzania miaka mitatu kwa madai ya namna hii, na kwa Kenya miezi 12 tu pale anayedaiwa ni serikali, Uganda miaka miwili dhidi ya serikali.

Wazee wetu husema lililotokea lilipangwa na Mungu, na anayedai fedha kwa ajili ya mimba au marehemu huonekana anafanya biashara ya msiba. Siingilii imani ya mtu, nami ni mtu wa imani. Naona tu kwamba fidia haimrudishi aliyekufa wala haimnunui. Inalipa ada ya watoto wake, inalipa deni la damu na dawa, na inaiacha hospitali na maandishi ya kosa ambayo muuguzi mpya atayasoma. Kwa hiyo ombi langu kwa mabaraza ya kitaaluma ni hili: maamuzi ya malalamiko haya yachapishwe bila majina ya wagonjwa, kama Waingereza wanavyochapisha ripoti za vifo vya wazazi wao, ili kila kituo kijue kilichoachwa kufanywa na mahali kilipoachwa. Kwa wakuu wa vituo, wekeni kipimo cha ujauzito kwenye meza ya kwanza anayofikia mwanamke mwenye maumivu ya tumbo, na saa ya kufika kwake iandikwe kabla ya jina la ugonjwa. Na wewe, mama au dada uliyerudishwa nyumbani na vidonge ukaishia chumba cha upasuaji, usingoje kikao kingine cha familia: andika ombi la jalada lako wiki hii.